Usiseme "sili nyama" ukiwa mezani. Zungumza na jikoni mapema

Mhariri,

Desemba ikikaribia, magari ya kutoka Nairobi na Mombasa yataanza kushusha watu Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, na karibu kila boma litakuwa na shughuli: harusi, mahari, kumbukumbu ya marehemu, mchango wa karo. Chini ya kila hema siku hizi hawakosi watu ambao chakula chao kikubwa ni nafaka, kunde na majani, ama kwa sababu ya presha na sukari, ama imani, ama uamuzi wao tu. Sisi ni wapishi wa sherehe hapa Kisumu, na mwenzetu mmoja ni mtaalamu wa lishe. Tunaomba nafasi katika safu hii kwa sababu watu hawa hurudi na njaa, au huacha mwenyeji na uchungu, na mara nyingi tatizo huwa lingemalizika siku tatu kabla kwa maneno machache aliyoambiwa mtu anayefaa.

Tuanze na lugha, kwa maana ndiyo inayowaangusha wengi. Ukimwambia mama mwenye nyumba "situmii nyama", yeye husikia ng'ombe na mbuzi. Atakwenda nyuma ya nyumba akamate kuku, tena kwa furaha kwamba amekufikiria. Katika Kiswahili cha nyumbani kuku ni kuku na samaki ni samaki. Dholuo, lugha ya Waluo, nacho hutenga vivyo hivyo: ring'o ni nyama, rech ni samaki, gweno ni kuku. Neno "mboga" pia lina mtego wake. Katika nyumba nyingi mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, hata nyama yenyewe, kwa hiyo anayesema "mimi hula mboga tu" asishangae akiwekewa omena au mayai.

Taja basi kimoja kimoja: "Situmii nyama, kuku, samaki, omena, wala supu yake. Maziwa na mayai natumia." Kisha malizia na kile unachokula: "Nikipata ugali na mrenda na maharagwe, nimeshiba." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mwenyeji haogopi sana kwamba hutakula kitoweo chake. Anaogopa kwamba utaondoka kwake na njaa na yeye hajui akupe nini. Ukimtajia chakula ambacho tayari kimo shambani mwake, mzigo umemtoka.

Mwambie nani? Anayeshika mwiko. Baba mwenye boma atakubali kwa moyo safi kisha asahau, kwa sababu hapiki. Mtafute wifi, shangazi, au yule mama anayesimamia wapishi, na umwambie siku tatu kabla, kwa maana maharagwe hulowekwa usiku wa kuamkia sherehe na unga hununuliwa kabla ya hapo. Kama ni ziara ya kwanza ukweni, usimpigie mama mkwe mwenyewe. Mpitishie mshenga au dada wa yule unayemwoa, naye atalifikisha kwa namna inayofaa. Ukiarifu asubuhi ya sherehe umemwongezea mpishi kazi wakati ana sufuria kumi motoni.

Na usidanganye kuhusu ugonjwa. Wapo wanaosema "daktari amenikataza" wakidhani hilo litafunga mjadala. Huku kwetu linafungua mjadala mwingine: jioni hiyo hiyo jamaa wataanza kuulizana unaumwa nini, na wiki inayofuata kuna atakayekutumia dawa za mitishamba. Kama kweli daktari amekukataza, sema. Kama si yeye, sema "ndivyo ninavyokula siku hizi" na ubadilishe mazungumzo. Eneo hili si geni kwa watu wenye miiko ya chakula. Misheni ya Waadventista ilianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu hapo kuna familia za Wasabato zisizogusa nyama kabisa. Wahindu wengi na Wajaini wa Kisumu, mji ambao reli iliufikia mwaka 1901, wamekula dengu na chapati bila nyama vizazi na vizazi. Wakatoliki huacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Na miongoni mwa Waluhya, zamani wanawake hawakula kuku wala mayai, ilhali ndio waliowapika. Mwenyeji ana vielelezo tele vya kukuelewa, mradi usimfanye akisie.

Ukienda, usiende mikono mitupu, na wala usiende na bakuli la chakula chako ulichopika nyumbani. Bakuli hilo ni tusi: linasema hapa hakuna chakula. Lakini kilo mbili za ndengu, kilo moja ya njugu na fungu la osuga (mnavu) vikiwa ndani ya mfuko mmoja na sukari, unga na majani ya chai, hiyo ni zawadi ya kawaida ya mgeni. Mpe anayepika, umwambie, "Tukipata hizi ndengu leo nitafurahi." Umeleta chakula chako bila mtu kuhisi umeleta chakula chako.

Mezani, hatari si kile unachokula. Hatari ni kusukuma sahani. Katika vijiji vyetu mgeni anayerudisha sahani hueleweka kwa njia mbili: ana kinyongo, au anashuku kilichomo. Maelezo yako ya afya hayafuti hilo. Linalofuta ni kula kwa wingi mbele ya macho ya watu. Mega ugali, chovya, omba uongezewe mrenda, msifu aliyepika. Mkila sinia moja, kaa upande wa mboga na uombe fungu lako litengwe kwenye kibakuli kabla mikono haijaingia, kwa sababu baada ya matonge matatu mchuzi wa kuku umeshasambaa kila upande. Mtu anayetafuna kwa bidii hatolewi macho. Anayechezea kijiko ndiye huulizwa maswali.

Kuna nyama ambayo si chakula tu, na hapa tunaomba wasomaji wapambanue. Firigisi ya ingokho, yaani kuku, inapoletwa mbele yako katika boma la Mluhya, hujaletewa kitoweo. Umepewa heshima ya mwenye nyumba. Ukisema "hapana, asante" umekataa heshima. Ipokee sahani kwa mikono miwili, shukuru, kisha mpe mzee aliye karibu nawe kwa maneno: "Nimeipokea. Naomba baba anilie." Heshima imefika na imerudi kwa mwenyewe. Kadhalika katika tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, mjomba humvisha kijana ukanda wa nyama shingoni. Mjomba asiyekula nyama bado anaweza kuchinja na kuvisha. Hakuna anayemdai autafune. Wengi hukwepa sherehe nzima wakidhani wataaibishwa, na kumbe wajibu wao ulikuwa wa mkono.

Na kuku akiwa ameshachinjwa kwa ajili yako, kwa sababu ujumbe haukufika? Maoni yetu ni haya. Kama unakula mimea zaidi kwa ajili ya afya tu, pande moja la kuku kwa mwaka halitakudhuru, na uhusiano na mama mkwe una thamani kuliko pande hilo. Kama ni imani au dhamiri, usile, lakini omba mwenyewe kwa sauti kwamba wapewe watoto wa boma, na ubaki mezani mpaka mwisho.

Sasa tuingie jikoni, maana nyama nyingi inayowafikia watu hawa hawaioni. Pilau iliyopikwa na nyama kisha nyama ikatolewa bado ni pilau ya nyama. Mchele umekunywa supu yote. Githeri ya sherehe mara nyingi hupikwa kwa supu ya mifupa ili ipate ladha. Sukuma wiki hukaangwa kwenye karai lile lile lililotoka kukaanga nyama, kwa mafuta yale yale. Viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vingine vina ladha ya nyama ya ng'ombe, soma pakiti. Matoke huanzwa kwa vipande vya nyama. Majani ya kienyeji huenda yametiwa unga wa omena, na kwa wasiotumia maziwa, osuga na dek (saga) karibu kila mara zimelazwa kwenye maziwa au zimetiwa samli. Kwa hiyo usiulize "hii ina nyama?" Uliza "imepikwa na maji au na supu? Imekaangwa kwa mafuta gani?" Maswali hayo mawili mpishi anaweza kuyajibu bila kufikiri.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye hesabu. Kamati inakubali kupika sufuria ya maharagwe "kwa wale wasiokula nyama", watu ishirini hivi. Foleni ikianza, kila mtu anataka nyama na maharagwe. Sufuria inaisha kabla ya mtu wa hamsini, na wale ishirini, ambao kwa adabu walikaa nyuma, wanakuta ukoko. Ndiyo maana maharagwe yapikiwe hema nzima. Gorogoro moja ya maharagwe makavu ni kilo mbili, nayo ikiiva hutoa kama kilo tano. Kwa watu 300, gorogoro sita zitatoa takriban kilo 30, yaani gramu 100 kwa kila sahani, nusu upawa. Ongeza gorogoro mbili za wasiokula nyama, wao wapate gramu 500 kila mmoja kwa kuwa hicho ndicho kitoweo chao, na hizo mbili zitengwe kwenye chombo chenye kifuniko, nyuma ya meza, chini ya ulinzi wa mtu mmoja anayejulikana. Jumla gorogoro nane, kilo 16. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya fahali.

Kuyapika kunataka mpango. Usiku uliotangulia, chambua mawe na yaliyooza, kisha loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kwa maji mara tatu ya maharagwe. Asubuhi mwaga maji hayo. Yanabeba sehemu ya vile vinavyoleta gesi, na katika hema la watu 300 hilo si jambo dogo. Weka maji mapya na uyachemshe kwa moto mkali, yakitokota kweli kweli, angalau dakika kumi. Hasa yale mekundu. Yana lektini, sumu ya asili inayotapisha na kuharisha saa chache baada ya kula, na haivunjiki isipokuwa kwa mchemko. Maharagwe yaliyowekwa juu ya makaa yanayofifia, yakapata joto tu bila kuchemka, ni mabaya kuliko mabichi. Baada ya hizo dakika kumi punguza kuni na uyaache saa moja hadi moja na nusu.

Yasipolainika, mara nyingi ni ya zamani, yamekaa ghalani penye joto na unyevu. Hayo hata ukichoma mti mzima yatabaki na kiini kigumu. Ndipo watu hukimbilia magadi. Magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi mchuzi huwa na ladha ya sabuni ambayo pilipili haiwezi kuificha. Afadhali kupika konzi moja ya kujaribia siku ya kununua. Kosa lingine ni kutia nyanya mapema. Asidi ya nyanya huzuia ganda lisilainike, kwa hiyo nyanya zisubiri mpaka maharagwe yabonyee kwa vidole viwili. Hapo kaanga kando: kwa kilo 12 za maharagwe makavu, vitunguu kilo mbili mpaka viwe kahawia, nyanya kilo tatu, mafuta kama robo tatu ya lita, dhania, tangawizi na kitunguu saumu. Ponda upawa mitatu ya maharagwe na uyarudishe ndani; ndiyo yanayoleta uzito ambao watu wamezoea kuupata kwa supu.

Usiyapike jioni na kuyafunika yalale. Sufuria kubwa hupoa polepole sana, katikati yake hubaki vuguvugu hadi alfajiri, na vijidudu hupenda vuguvugu. Saa sita mchana utakuta povu na uchachu. Anzeni saa kumi alfajiri, au kama lazima yapikwe usiku, gawanyeni kwenye mabeseni mapana yapoe haraka, kisha yachemshwe tena kabla ya kupakua. Na sufuria ya maharagwe iwe ya kwanza mezani, mbele ya nyama, ikiwa na upawa wake. Ikiwa mwisho, mpakuaji ataingiza upawa uliotoka kwenye nyama, si kwa ubaya, ni kwa haraka.

Kwa osuga isiyo na maziwa, njugu iliyosagwa hufanya kazi ile ile ya kukata uchungu. Kwa kilo moja ya majani yaliyochambuliwa, chemsha mpaka yalainike, mwaga maji ya kwanza, kisha chukua nusu kikombe cha njugu iliyosagwa na uikoroge kwanza ndani ya kikombe kimoja cha maji vuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi. Mimina, punguza moto, koroga dakika kumi bila kuacha. Anayetupa njugu kavu kwenye sufuria inayotokota hupata mabonge, na anayeacha moto mkali hupata ukoko ulioungua na mafuta yaliyojitenga juu. Njugu zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye harufu ya uvundo zitupwe kabla ya kusagwa. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondoki kwa kupika. Mrenda hauna shida: maji, chumvi ya kienyeji ya majivu, majani ya kunde, kisha mrenda wenyewe, na tayari ni kitoweo kisicho na mnyama ndani yake.

Nyama choma, kama ilivyo Nakuru wikendi, ni habari nyingine. Pale chakula chako kitakuwa ugali, mukimo, kachumbari na sukuma iliyokaangwa upya, na hayo yanatosha ukiagiza mapema na si wakati ubao umeshafika. Linaloleta chuki ni bili. Mkubaliane kabla ya kuagiza: ama kila mtu alipe alichokula, ama mgawane sawa na wewe ukubali bila kunung'unika. Kuanza kupunguza mia mbili wakati karatasi imeshaletwa kunaharibu urafiki kuliko chakula chochote.

Mwenzetu wa lishe anasisitiza jambo moja la mwili, nasi tunakubaliana naye. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Anayekula mayai, maziwa au omena mara kadhaa kwa wiki huipata kwa kiasi fulani. Aliyeacha vyote anywe tembe. Tangu 2012 unga wa mahindi na ngano wa viwandani unaouzwa kwa pakiti hapa nchini unatakiwa kuongezwa madini ya chuma, zinki na vitamini, B12 ikiwemo. Unga wa posho mill hauna nyongeza hiyo, na watu wengi wa mashambani ndio wanaoutumia. Mama mjamzito na anayenyonyesha asiache vyakula vya wanyama kabla ya kuzungumza na kliniki. Pia chai ya papo hapo baada ya chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na majani. Nyumbani ingojeeni saa moja, na kwenye sahani kuwe na chungwa, pera au nyanya mbichi. Ukiwa mgeni, kunywa chai uliyopewa. Kikombe kimoja cha ugenini hakina neno. La kila siku ndilo lenye neno.

Kwa wanakamati ambao wameanza kuandika bajeti za Desemba: chini ya mstari wa fahali na mchele, andikeni mstari wa "maharagwe, gorogoro nane", na jina la mtu atakayelinda kile chombo cha nyuma. Msemaji wa siku, kabla ya maombi ya chakula, atangaze tu kwamba wasiotumia nyama, kuku na samaki wapitie upande wa kushoto kwa mama fulani. Atangaze kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu huwa wanatafuta viti.

Wapishi wa sherehe,
Kondele, Kisumu